Nimemwita mdogo wangu mwizi kwa sababu ya vifaranga 11

Shikamoo Shangazi,

Nafuga kuku nyuma ya nyumba, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitafuta kitu kimoja tu: kuku wa buluu. Sisemi buluu ya kitambaa, nasema ile ya wingu lililobeba mvua, na kila unyoya uwe na pindo jeusi lililokaa sawasawa ukingoni. Nilianza na jogoo mmoja wa aina hiyo, ambaye hadi leo sijaona mfano wake, na tetea 6 wasio na undugu naye.

Mwaka wa kwanza niliweka mayai 40 kwenye mashine, wakatoka vifaranga 33. Mwaka wa pili jogoo yuleyule niliwapa mabinti zake: mayai 40, vifaranga 27. Mwaka huu nimempa tetea 7 waliozaliwa na wale mabinti, wote wa buluu, na katika mayai 40 nimepata 19. Mayai 9 nilipoyamulika siku ya saba hayakuwa na kitu, na vifaranga 12 walifia ndani. Tetea wenyewe hawatagi kama zamani, kwa hiyo nakusanya mayai wiki mbili nzima, kwenye trei juu ya kabati la jikoni, ndipo mashine ijae.

Katika hao 19, weusi ni 5, wa buluu 9, na 5 waliobaki ni weupe wenye matone ya buluu, kama mtu aliyewakung'utia kalamu ya wino. Baba buluu, mama buluu, hawa wengine wanatoka wapi? Kila mwaka nawapunguza wakifika wiki 8: mweusi anatoka, wa matone anatoka, na wa buluu asiye na pindo anatoka pia. Wengi nampa mdogo wangu wa kiume. Yeye hajali rangi, anataka kuku tu.

Sasa Shangazi, mwezi uliopita nilisafiri wiki moja, na yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa banda langu. Wiki tatu baadaye ananiita kwake nikaone. Kuku wake aliyeatamia kaangua mayai 11 kati ya 12, na vifaranga wote 11 ni wa buluu. Wote! Jogoo wake ni mweusi, tetea zake mbili ni za matone, zote nilizompa mimi kama mabaki. Hapo nikasema maneno ambayo nadhani nitayakumbuka muda mrefu. Nilimwambia mbele ya mama yetu kwamba amechukua mayai yangu. Hakubisha. Alikwenda ndani, akaleta ufunguo, akauweka mezani, akaendelea kuwamwagia vifaranga pumba.

Tangu siku hiyo hatuzungumzi. Mama amenuna. Mume wangu naye anasema niuze banda zima, maana pora wamejaa na wanawika kabla hakujapambazuka. Na mdogo wangu kabla ya ugomvi alikuwa ananisukuma nimlete jogoo wa mistari, mkubwa, wa rafiki yake, eti damu imekwisha. Nilikataa, nikijua mistari itanifutia kazi ya miaka mitatu.

Niendelee na jogoo wangu mpaka rangi itulie? Nilete damu ya nje? Au nimsikilize mume wangu niachane na haya yote? Na je, inawezekana kweli mdogo wangu hakusema uongo?

Mwenye Banda

*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza mambo manne, na lile la mwisho umeliandika kwa mstari mmoja kana kwamba ni dogo. Naomba tuanze nalo.

Weusi wa kuku wako unaweza kuchujushwa na jeni moja, yaani kipande kimoja cha urithi. Kila kuku ana nafasi mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Asiye nayo hata moja hubaki mweusi. Mwenye moja huwa buluu. Mwenye mbili weusi wake huchujuka mno, akatoka mweupe wa matone. Kwa hiyo buluu ni kuku wa katikati, mwenye kipande kimoja cha kila upande, na akipanda mwenzake wa buluu, watoto hugawanyika: robo weusi, nusu buluu, robo matone. Wako ni 5, 9 na 5. Kwa vifaranga 19 ni vigumu kuikaribia hesabu hiyo zaidi ya hapo. Rangi yako haijakataa kutulia. Ndivyo ilivyo, na haitatulia hata ukiwapandisha buluu kwa buluu miaka 50. Wafugaji wa kuku wa Andalusia, aina ya kuku wa buluu, huko Ulaya waliwatoa weusi na matone mwaka baada ya mwaka wakiamini mbegu yao ina uchafu, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa urithi William Bateson na mwenzake Reginald Punnett walipoonyesha kuwa ni hesabu.

Sasa chukua mweusi, asiye na cha kutoa, umpe wa matone ambaye lazima atoe kimoja. Kila kifaranga hupata kimoja tu. Wote buluu. Ndicho kilichotokea kwa mdogo wako.

Tena tugeuze upande wa pili. Tuseme alichukua mayai yako kweli. Mayai yako ni ya buluu kwa buluu, na kila kifaranga ana nafasi nusu tu ya kutoka buluu. Kupata 11 mfululizo bila mweusi hata mmoja wala wa matone kungetokea mara 1 katika 2,048. Kile ulichokiona kama ushahidi wa wizi ndicho kinachomtetea zaidi.

Sikuambii uende kwake leo, wala uende na maneno gani. Unamjua kuliko mimi, na mama yenu unamjua kuliko mimi. Nauliza tu: ulipoona wale 11, kilichokuuma ni kudhani umeibiwa, au ni kuona kilichokushinda miaka mitatu kimetoka kwenye mabaki yako, kwa mtu asiyejali rangi? Hayo ni machungu mawili tofauti. La kwanza linamhusu yeye. La pili halimhusu, na hata akipokea radhi yako litakuwa bado lipo.

Turudi bandani. Kuna mambo matatu unayoyachukulia kuwa yamethibitika, nami sina hakika nayo.

Unadhani, kama mdogo wako, kwamba mayai yanaharibika kwa sababu ya damu moja tu, yaani kupandisha ndugu kwa ndugu. Damu ipo, wala tusijidanganye. Mabinti walikuwa na nusu ya jogoo huyo, tetea wako wa sasa wana robo tatu, na vifaranga wa mwaka huu wana sehemu 7 kati ya 8. Ni karibu kumpandisha jogoo na yeye mwenyewe. Vifaranga kufia ndani ya yai, na tetea kupunguza kutaga, ni dalili zake za kawaida. Lakini yale mayai 9 yasiyo na kitu yana maelezo mengine. Jogoo huyo ana miaka mitatu na zaidi, na nguvu ya mbegu ya jogoo hupungua kwa umri. Tena unakusanya mayai siku 14. Yai la kutotolesha likipita siku 7 huanza kupoteza uhai, na kila siku ya ziada huongeza hasara. Juu ya kabati la jikoni, penye joto linalopanda na kushuka, kiini huanza kukua kidogo, kinasimama, kinaanza tena, kinakufa. Ukimulika siku ya saba, yai la namna hiyo unaweza kulidhania halikuwa na mbegu kabisa. Weka mayai mahali pa nyuzi joto 13 hadi 18 za Selsiasi, ncha nyembamba chini, na uingize 20 ya siku 7 badala ya kungojea 40.

Kuna njia ya kutofautisha bila kubahatisha. Chukua mayai 5 ya leo, yasiyoingia kwenye mashine, upasue taratibu kwenye sahani nyeupe penye mwanga. Juu ya kiini cha njano utaona alama ndogo nyeupe. Ikiwa ni kidoa kilichojaa, kingo zake zimechongoka ovyo, yai halikupata mbegu. Ikiwa ni kiduara safi chenye pete nyeupe na katikati kuangavu kama dirisha, mbegu iliingia. Vidoa vingi: tatizo ni jogoo, ama uzee wake, ama manyoya yaliyozidi kuzunguka mkundu, ama viroboto na utitiri wanaomnyima raha. Viduara vingi: jogoo anafanya kazi yake, na hasara inatokea baada ya yai kutagwa, au kwenye damu. Angalia na chakula pia. Chakula cha kuku wa mayai ya kula kinatosheleza yai, lakini mara nyingi hakina vitamini za kutosha kumlea kifaranga ndani yake. Kuku wazazi wana chakula chao.

Jambo la pili ni wiki 8. Hapa ndipo niliposikitika zaidi, mwanangu. Kuku wa wiki 8 bado amevaa manyoya ya utoto. Atayabadilisha tena kabla ya kufika miezi 5 au 6, na pindo halisi huonekana kwenye manyoya ya utu uzima. Jike aliyekuwa na ukingo wa kufifia wiki ya 8 anaweza kusimama mwezi wa sita amechorwa unyoya kwa unyoya, kifuani hadi mapajani. Wiki ya 8 unaweza kutoa kwa ulemavu: kidole kilichopinda, mdomo usiofungana, aliyedumaa. Kwa pindo, hapana. Huenda baadhi ya wale uliompa mdogo wako ni wazuri kuliko uliowabakiza. (Na jogoo wa buluu usimkatae kwa kuwa shingo na mgongo wake ni mweusi kuliko kifua, ndivyo madume wa rangi hii walivyo. Umkague kifuani. Kinachotia wasiwasi ni wekundu au udhahabu shingoni.)

La tatu ni kwamba mweusi na wa matone ni mabaki. Hili nadhani limeshajijibu.

Basi una njia kadhaa, na hakuna isiyo na gharama.

Unaweza kubaki na buluu kwa buluu. Faida yake ni kwamba unaliona pindo kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo unachagua kwa macho. Gharama yake ni nusu ya vifaranga nje ya rangi, kila mara, na nusu ya waliobaki ni madume. Katika mayai 40 yakiangua 32, tetea wa buluu ni kama 8, na wenye pindo la kuridhisha ni wachache katika hao 8. Wafugaji wengi wa rangi hii huingiza mweusi kila baada ya vizazi vichache ili buluu isipauke.

Unaweza kufuata ya mdogo wako, mweusi kwa matone. Wote buluu, hakuna wa kutoa kwa rangi. Lakini hapo unachagua gizani: pindo jeusi juu ya mweusi halionekani, na juu ya matone halisomeki. Njia ya kuzunguka hilo ni pete za miguuni na daftari. Unambakiza mweusi kwa sababu dada zake wa buluu wana pindo zuri, si kwa sababu ya anavyoonekana yeye. Bila daftari, baada ya vizazi viwili utakuwa na banda lililojaa buluu tupu, pindo limekwenda. Na tusisahau kwamba kuku wa mdogo wako ni watoto wa jogoo wako huyohuyo. Rangi wanakupa, damu mpya hawakupi.

Damu mpya ni jogoo wa nje. Habari njema ni kwamba kizazi kimoja tu kinatosha kubadili hali: kifaranga wa baba asiye na undugu na mama yake hana tena mzigo huo, hata kama mama amezaliwa ndugu kwa ndugu. Swali ni jogoo gani. Unamwogopa wa mistari kwa sababu mistari inaonekana. Mimi ningeogopa zaidi kisichoonekana. Mistari ni jeni inayojionyesha: kuku mweusi au wa buluu asiyeionyesha hana, basi. Tena kwa kuku jike huipata kwa baba yake peke yake. Jogoo wa mistari akiwa na nafasi zote mbili atakupa watoto wote wa mistari, ni kweli. Lakini mchukue binti mmoja kati ya hao, umpandishe na jogoo wako asiye na mistari: watoto wa kiume watakuwa nayo, wa kike hawatakuwa nayo hata mmoja. Vizazi viwili, na majike wako ni safi. Kwa vifaranga weusi utaitambua hata siku ya kwanza kwa doa jeupe kichwani. Kwa wa matone ndiyo ngumu, usiwategemee hapo.

Jogoo mweusi tii, mzuri, anaonekana salama zaidi, na kwa tetea wako wa buluu atakupa nusu weusi na nusu buluu bila wa matone hata mmoja. Lakini anaweza kuwa amebeba weupe uliojificha, ambao kizazi cha kwanza hutauona kabisa. Utajitokeza kizazi cha pili, utakapopandisha ndugu waliourithi wote wawili, robo ya vifaranga wao wakatoka weupe bila tone. Kwa hiyo kizazi cha kwanza kikipendeza, usitawanye mbegu kwa watu bado. Uliza umbo lake pia. Jogoo mkubwa wa aina nyingine atakuletea mwili, miguu na upanga wa kichwani usivyovitaka, na hivyo huchukua muda mrefu kuviondoa kuliko mistari.

Yeyote utakayemleta, mtenge angalau siku 30 mbali na wenzake, na vyombo vyake vya maji na chakula viwe vyake. Ukimwondoa jogoo wa zamani, subiri wiki 3 kabla ya kuhesabu yai kuwa la mpya, maana tetea hutunza mbegu mwilini na anaweza kuendelea kutaga mayai ya mume aliyeondoka. Watu wengi wameandika daftari zima la uongo kwa kosa hili.

Kuna njia nyingine ambayo sijui kama una moyo nayo sasa. Mabanda mawili, koo mbili za kuku. Majike hubaki walipozaliwa, na kila mwaka jogoo kijana wa banda hili huhamia lile, na wa lile huja hili. Ukianza na damu mpya upande mmoja, undugu hupanda taratibu sana na hulazimiki kutafuta jogoo wa nje kila msimu. Weusi na matone wanakuwa na kazi upande mmoja, buluu wa pindo upande mwingine. Ni mpango unaohitaji watu wawili wanaoaminiana ufunguo. Banda la pili lipo tayari, mwenye nalo unamjua, na ndiye huyo usiyezungumza naye. Inawezekana asitake tena kushirikiana na wewe kwenye kuku hata mkipatana, na hilo nalo utalipokea. Usiende kumwomba radhi huku mfukoni una mpango wa majogoo. Ataona.

Kuhusu mume wako, sijasoma mahali anaposema anachukia kuku. Anasema pora wanawika. Nusu ya kila utakachoangua ni madume, na huhitaji zaidi ya wawili au watatu, kwa hiyo swali la watakwenda wapi lijibiwe kabla mayai hayajaingia kwenye mashine, si wakiwa na miezi minne wanapigana. Labda banda lako linabeba vifaranga 20 kwa mwaka na si 40, hasa kama sasa utawangojea hadi miezi 6. Mketi naye mhesabu pamoja. Kuuza kila kitu ni njia halali pia, na mtu aliyechoka hahitaji kujieleza. Ila ningetamani uamue ukiwa umeshajua mayai yako yana nini, usiamue kwa hasira ya mwezi huu.

Na huyo jogoo mzee, vyovyote utakavyoamua, amekwisha kukupa alichokuwa nacho. Kumpumzisha si kumtupa.

Pasua yale mayai 5 kwanza. Niandikie uliona vidoa vingapi na viduara vingapi.

Shangazi